Sanduku Kutoka Daraja la Kwanza

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Kilimatinde tu wazima, alizeti imechanua. Unauliza upande daraja gani la treni huko India likizo hii, mizigo isiibwe.

Nikiwa msichana nilikwenda Tabora daraja la tatu, nimekumbatia tenga la kuku. Kijana wa daraja la kwanza akaja na sanduku lake. “Dada, kule niko peke yangu. Nikienda kula, nani ataniangalizia?” Behewa zima likacheka. Nikalikalia sanduku lake. Aliporudi hakuondoka tena; tulitafuna karanga mpaka Tabora.

Panda daraja utakalo, ila salimia jirani kwanza. Mimi mzigo wa siku ile naulinda bado. Sanduku lililiwa na mchwa. Mwenyewe, babu yako, anakoroma hapa kando yangu.

Bibi yako