Daraja Lililoelekea Mzani

Mwangaluka, mjukuu wangu Kabula. Hapa Ngulyati hatujambo. Mama yako amemaliza kuvuna mpunga, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Umeniuliza kama mji wenu utoe fedha kujenga daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu. Nimekumbuka wakati wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja. Mmoja aliweka mzani ng'ambo ya mto, nasi tukabeba mawe kwa nyimbo, tukajenga daraja jembamba la kwenda kwake. Lilikuwa zuri. Lakini ng'ombe hawakuliweza, wakaendelea kuvuka kwenye kivuko chao cha chini, na Msukuma hamwachi ng'ombe wake avuke peke yake. Basi tuliendelea kulowa, wengine na watoto mgongoni.

Mama mkwe wangu alilitazama akasema, "Tumemjengea mnunuzi." Msimu uliofuata mnunuzi akauhamisha mzani wake. Mbuzi wakapata pa kulala, pale darajani.

Sisemi msijenge. Mto ule ulihitaji daraja, na hadi leo unalihitaji. Ila kabla ya kikao chenu, nenda ukakae barabarani siku ya mnada, utazame miguu ya watu. Yenyewe imeshaamua inavukia wapi.

Bibi yako wa Ngulyati