Ombi Lisilo na Jina

Mwingi, 18 Mei 2024

Babu mpendwa,

Habari za Matinyani? Goti la bibi yangu Susu linaendeleaje? Shuleni tuko salama.

Leo hospitalini, kwenye kikundi chetu cha vijana wenye sukari, nilisema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kuna siku nalala bila kujidunga insulini, makusudi, kwa sababu nimechoka kuwa mgonjwa. Hakuna aliyenihubiria. Kisilu, mwenzetu mmoja, alisema tu, "Hata mimi." Nililia, nikarudi shuleni nikiwa mwepesi. Nakuambia wewe peke yako.

Mjukuu wako,
Kalekye

Matinyani, 27 Mei 2024

Mwaitu, mama yangu, maana jina ulilobeba ni lake,

Sisi wazima. Goti la Susu linalalamikia baridi tu.

Hebu nikueleze. Mwili usio na insulini ni jiko lililojaa kuni zisizoshika moto. Chakula kipo, nguvu haipo, na sumu inapanda kwenye damu. Inaua kwa siku chache. Usirudie. Nami sikukaa bure: jana niliwaomba kanisani wakuombee. Usiogope, sikutaja jina.

Babu

Mwingi, 9 Juni 2024

Babu,

Leo siulizi habari za nyumbani.

Juzi asubuhi kwenye foleni ya uji, mpishi aliweka upawa chini, akanishika kichwa mbele ya kidato cha pili chote. "Ndiwe binti wa Matinyani uliyekataa sindano? Dada zangu wa kanisa wamenitumia ombi kwa simu. Hilo pepo litatoka." Sasa naitwa Pepo.

Hukutaja jina. Matinyani ina wasichana wangapi wenye sukari wanaosoma Mwingi? Jana sikwenda kikundini. Siwezi kusema kitu tena mahali popote.

Kalekye

Matinyani, 16 Juni 2024

Mwaitu,

Natumaini u mzima. Hasira yako naielewa, lakini nikueleze. Kanisani hatusengenyi, tunabebeana mizigo. Mzigo usipotajwa, nani ataubeba? Hata dada zetu wa maombi walikuwa na nia njema.

Babu

Matinyani, 8 Julai 2024

Mwaitu,

Matroni aliponipigia kwamba umelazwa, nilifika. Ulinigeuzia mgongo, ukatazama ukuta mpaka muuguzi akaniambia niende. Alinieleza kwamba ulikuwa umeacha sindano tena, na safari hii hukuwa na mtu wa kumwambia.

Jana kanisani nilisimama wakati wa maombi. Nikasema habari yako ilikuwa yako, nami niliigawa kama mahindi ya msaada. Nikawataka wafute ule ujumbe. Nzau, mzee mwenzangu, akasema, "Tumwombee Mzee Kyule, ana hasira." Nikamjibu, "Ninayo, na msiiombee."

Nimeacha uzee wa kanisa. Sijui kama hilo linakusaidia. Naomba urudi kikundini, hata kama hutaniandikia tena.

Babu

Mwingi, 20 Julai 2024

Babu,

Nimetoka hospitalini. Msalimie Susu.

Leo nilirudi kikundini. Niliwasomea barua yako. Kisilu alicheka pale pa mahindi, mimi sikucheka. Bado nimekukasirikia, na sijui nitaacha lini. Najidunga.

Mwezi ujao kila mmoja anaruhusiwa kuja na mtu wa nyumbani. Mshauri wetu, Bi. Wayua, aliuliza nani wangu. Nikakutaja wewe. Sharti nimeweka mimi: utakaa, utasikiliza, na hutaeleza kitu. Hata kidogo. Ukishindwa, usije.

Kalekye

Matinyani, 26 Julai 2024

Mwaitu,

Nitakuja.

Mwanao,
Kyule