Harage Lililoinama

Gitega,
Jumatatu, 10 Novemba 2025.
Asubuhi ukungu, kisha mvua nyepesi.

Mpendwa kaka Emmanuel,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini wewe, wifi Jovina na watoto mko wazima, na baridi ya Amerika haijawauma sana. Sisi tunaendelea vizuri. Mama naye ni mzima, ila macho yake yanazidi kufifia, ndiyo maana nilitaka ahame kwa mdogo wetu Damiano aje kwangu, karibu na daktari.

Ule mchezo wako wa besiboli ya mezani ulifika. Vibao vya wachezaji vilipotea njiani, kwa hiyo wakimbiaji wetu ni maharage: mekundu yangu, meupe ya Damiano.

Sasa sikia aibu ya huyu mdogo wangu. Jumamosi alimleta Mama kutoka Giteranyi, tukabishana akae kwa nani mpaka Mama mwenyewe akachoka na kelele. "Chezeni," akasema. "Atakayeshinda ndiye nitakayekaa kwake."

Kanuni ya mdakaji tulijitungia, maana Kiingereza cha kile kijitabu kilitushinda. Harage likisogea nje ya kituo chake, mdakaji anaweza kurusha mpira kituoni ili alinase, mara moja tu, kwa dadu mbili. Dadu zikilingana, mkimbiaji ametoka. Lakini aliyeacha mguu kituoni, yaani harage linalogusa mstari, hanaswi. Mtoto wa darasa la kwanza anaelewa.

Damiano haelewi. Akili yake ilibaki kwenye rede tuliyocheza kambini Tanzania. "Dada, mpira umempiga mgongoni, ametoka!" Nikamwambia hapa hapigwi mtu. Akaendelea kuyatoa maharage yangu kama anachambua ya kupika, dadu zilingane zisilingane. Zamu yangu ilipofika, zikalingana, tatu na tatu, harage lake likiwa nje kabisa. Unajua alisema nini?

"Huyu wangu ameinama."

Kaka, harage limeinama! Mwanamume mwenye ndevu, anayesoma masomo kanisani, anaapa kwamba harage limekwepa mpira. Nikamwuliza limeinamia upande gani.

"Upande wa tumbo. Utajuaje, dada? Kwenye rede wewe ulikuwa unatolewa wa kwanza."

Mume wangu Augustin alicheka mpaka akatoka nje. Shahidi wa namna hiyo ni wa nini?

Hivyo ndivyo Damiano alivyoshinda, kama huko ni kushinda. Leo asubuhi amepanda basi la Muyinga na Mama kurudi Giteranyi, kifua mbele kama amemshinda mtu wa maana.

Nilipoingia kutandika kitanda cha Mama, nikakuta kitenge chake cha kwendea misa. Nikampigia simu nikidhani amekisahau.

"Sijasahau," akasema. "Si mlisema aliyeacha mguu kituoni hanaswi? Huo ndio mguu wangu. Jumapili naufuata."

Pembeni nikamsikia Damiano: "Mguu gani tena, Mama?"

Hata hilo haelewi.

Tafadhali nitafsirie ukurasa wa mdakaji, nimsomee polepole. Nisalimie wifi Jovina, na shangazi Kasilda ukimpigia. Mungu awalinde huko mliko, awarudishe siku moja tuwaone.

Ni mimi dada yako, nikupendaye ukiwa mbali vilevile,
Gaudensia

Saa tatu na nusu usiku. Kitenge nimekikunja chini ya mto. Nalala.