Barua Isiyopita kwa Dada

Mpenzi wangu,

Huku kwema, ila kuku wa mama wametoroka tena.

Mtihani wa umeme nimefaulu. Mwalimu aliniruhusu nivae spika za masikioni, simu ikanisomea maswali, na zile herufi zinazonichezea shere tangu utotoni safari hii hazikunipata. Akasema, "Kumbe akili unazo." Nikamwambia, "Ninazo siku zote, mwalimu. Kusoma tu ndiko kulikonigomea."

Barua zangu zote dada ndiye aliyekuwa akiniandikia, ndiyo maana nilikuulizia afya tu. Hii natamka mwenyewe, simu inaandika. Nimejifungia chumbani, dada anagonga, anataka kujua nakwambia nini.

Nakwambia nakupenda, njoo unioe.

Haya, sasa namfungulia.

Wako,
Fundi umeme