Mara Sita Katika Nchi Ileile

Yaya Clémence, dada yangu mkubwa,

Usidhani nimeshika kalamu kwa sababu nimetulia. Sijatulia. Miezi kumi na moja imepita tangu tulipokuzika, na watu wananiambia hasira ni dhambi, niiache. Siiachi. Nina hasira na Baba Mdogo Faustin, nina hasira na wale wa hospitali, nina hasira na mimi mwenyewe. Na wewe pia, yaya, usijifiche. Wewe pia umo.

Nianze na kilio chako, siku zile za matanga, maana hakuna aliyekusimulia.

Siku ya pili, watu wamejaa uani kwetu hapa Kamalondo, viti vya kukodi vimefika mpaka barabarani, wakaingia watu wanne tusiowajua. Wanaume watatu, na mama mmoja wa miaka hamsini hivi aliyejifunga kitenge cheusi vizuri sana; hata katika machozi, jicho langu la fundi cherehani liliona hilo. Baba Mdogo ndiye aliyepokea wageni, kama mdogo wa marehemu baba. Akawauliza wanatoka upande gani wa familia. Yule mama akajibu bila kuona haya: "Tulikuwa tunacheza naye, ule mchezo wa ku televizyo. Tuko kikundi moja ku simu."

Unamjua Baba Mdogo. Alipaza sauti, kilio kizima kikasikia: "Kumbe ni nyinyi! Njo ile kitu ilikula mutoto wetu! Miaka munane anaangalia mashetani, anakosa hata bwana! Mutoke!"

Wakatazamana, wakatoka. Yule mama alipofika kwenye lango aligeuka akanitazama mimi. Alinijua. Ulikuwa umemwonyesha picha yangu. Nami nikainamisha macho kwenye kikombe changu cha chai.

Nilinyamaza, yaya. Nikanyamaza tena Baba Mdogo aliposimama mbele ya watu wote akasema shetani ana mitego mipya siku hizi, tena ina waya na rangi nzuri. Watu wakaitika amina. Mama yetu, pale kwenye mkeka wake, akajifunika kitenge kichwani.

Halafu wakaja wale wengine, wenye huruma. Hao waliniudhi zaidi. "Masikini, miguu haikuwa inamubeba, basi alikuwa anatembea mule ndani ya mchezo." Walilirudia mpaka likawa kama sala. Wewe, mwalimu wa jiografia! Wewe uliyefundisha darasa zima kuchora mito ya Katanga bila kuangalia kitabu! Ndiyo, ugonjwa wako wa damu, ile selimundu, ulikula nyonga, na mkuu wa shule akakwambia unakosa kufika kazini mara nyingi mno, ukarudi nyumbani na chaki mfukoni. Yote kweli. Lakini hukucheza kwa sababu ya miguu. Ulicheza kwa sababu ulipenda, na ulikuwa hodari. Mwanaume akiangalia mpira kila Jumapili maisha yake yote, nani anamtafutia ugonjwa wa kumsamehe?

Mimi sikuwa bora kuliko wao, najua. Tangu binamu yetu alipoleta ile mashine ya mchezo kutoka mpakani Kasumbalesa, imeshatumika, waya wake mmoja umefungwa kwa plasta, nilikuwa adui wa mashine hiyo. Umeme ulikuwa unarudi kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, mimi nina magauni ya harusi kwenye cherehani, wewe una mlima wako wa kupanda mle mchezoni, na nyaya zetu za nyumba haziwezi kubeba vyote viwili. Siku ile niliyochomoa waya kwa nguvu, ulipoteza kazi ya mchana mzima. Nilingoja unitukane. Ulisema tu: "Si kitu. Njia nilishaijua."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. "Kama njia unaijua, na mwisho unaujua, unarudia nini?"

"Na weye unajua vile gauni inaishaka. Mbona unashona ingine?"

Nikaenda kupika.

Sasa nikuambie lile ambalo sijamwambia mtu. Baba Mdogo hakuokota silaha yake njiani. Mimi ndiye niliyempa. Asubuhi uliyokufa aliniuliza ilikuwaje, na mimi, kichwa kimevurugika, nikasema: "Alikuwa anaumwa siku mbili, akakataa kwenda hospitali, alikuwa anacheza." Maneno hayo. Alikuwa anacheza. Alihitaji hayo tu.

Sikumwambia kuhusu Machi. Sikumwambia jinsi tulivyokaa kwenye ile korido ya hospitali tangu asubuhi mpaka adhuhuri, umeuma kitambaa chako cha kichwa ili usipige kelele, na yule muuguzi akapita akisema kwa mwenzake, mbele yetu, kama sisi ni viziwi: "Huyu njo ule anarudiaka kutafuta sindano, amezoea kulewa nayo." Kwenye teksi uliniambia hutarudi pale. Nami nilikubali, yaya! Nilisema, sawa, hatutarudi.

Basi Juni baridi ilipoingia na maumivu yakaanza, uliwasha mchezo na kusema: "Ni baridi tu, Odile. Itapita." Sasa najua ulikuwa unaikimbia ile korido. Lakini hapa ndipo ninapokukasirikia wewe. Uliniambia ni miguu. Hukuniambia ni kifua. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nashona, nasikia upanga wako wa mchezoni unagonga, nikajua ungali mzima. Siku ya tatu tulipokubeba, mapafu yalikuwa yameshashikwa. Ungeniambia kifua ningekubeba mgongoni mpaka hospitali nyingine yoyote. Ulijua ningefanya hivyo, ndiyo maana hukusema. Sijakusamehe hilo. Ninajaribu, halafu nikisikia mtu anakohoa kwenye foleni, nasahau kwamba ninajaribu.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi nilikwenda sokoni kutafuta kitenge cha mteja, nikainua macho, aliyeshika mita ya kupimia ni yule mama wa kwenye lango. Anaitwa Mama Ndaya. Wazazi wake walitoka Kasai, naye amezaliwa hapa, ameuza vitenge tangu ujana. Alikuwa na haki ya kunifukuza. Alinivutia kigoda. Akatoa simu, akasema, "Keti, usikie dada yako."

Sauti yako. Miaka ya sauti yako, jumbe ulizokuwa unarekodi na kuwatumia kikundi, yaya, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nikidhani unajisemea. Mlikuwa mnabishana, watu wazima kabisa, mchezo kama ule unafaa kurudiwa mpaka lini. Mmoja wao, fundi wa friji, anasema mara moja inatosha, ukishamuua mfalme mwovu unarudi kwenye kazi. Mama Ndaya anasema mara mbili, ya pili uwe mchawi. Na wewe unawakemea wote kama darasa la nne: "Mchezo haiishake pale unamaliza hadisi. Inaisha siku ile hauna tena maulizo. Miye niko mara ya sita, na bado sijajua sababu gani ule mwanamuke wa kivuko anakataa kuvuka muto yeye mwenyewe."

Nililia pale kati ya vitenge, halafu nikakasirika. Mbona hukuniuliza mimi? Mbona maneno yote haya mazuri uliwapa wageni, mimi ukaniachia "si kitu"? Nikakumbuka ni mimi niliyekuwa nachomoa waya.

Basi nimecheza. Ndiyo, mimi. Mama Ndaya alinifundisha kushika vitufe. Nilikufa mara kumi na nne kwenye daraja la kwanza, nikalitukana mpaka jirani akabisha hodi. Nimemaliza mara moja, nikaanza ya pili kwa njia ya kaskazini, ya tatu nikawa mwizi. Na hii ni hukumu yangu: ulitia chumvi. Ya kwanza ni tamu. Ya pili ni tamu kuliko ya kwanza, kwa sababu hukimbii tena, unaona vijiji. Ya tatu, nilishajua kila adui yuko nyuma ya jiwe gani, nikapiga miayo jangwani. Hakuna mara ya sita, yaya. Mara ya sita ilikuwa wewe mwenyewe, kichwa chako, si ule mchezo. Yule wa kivuko nilimwuliza kila njia. Haelezi. Nadhani waliomtengeneza walisahau tu. Kama ungekuwa hapa tungegombana juu ya hili mpaka chakula kipoe, na hutakuwa hapa, na hilo ndilo linalonifanya nitake kuvunja kitu.

Jumamosi tunaondoa kilio, tunafunga msiba wako. Misa, halafu chakula hapa uani. Wiki iliyopita Baba Mdogo alikuja kupanga, akasema atatoa tena neno kwa vijana kuhusu hiyo michezo. Nikaweka mkasi chini.

"Baba Mdogo, hapana. Jumamosi hautasema."

"Unanifunga kinywa mu kilio ya mutoto wa ndugu yangu?"

"Ndiyo. Nilikuambia uongo ile asubuhi. Hakukataa sababu ya mchezo. Alikataa sababu walimutukana, na miye nilikuwa pale, nilisikia."

Nikamweleza ile korido yote, mpaka kitambaa. Akasema kama ni hivyo hatakuja. Sikumbembeleza. Akavaa kofia yake akatoka. Nikageuka nikitegemea Mama, ambaye hajasema neno juu ya jambo hili mwaka mzima, atanigombeza.

Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Ule mama ya bitenge," akasema, "umuambie akuje mapema. Atakaa pembeni yangu."

Lala, yaya. Hasira yangu naenda nayo misani, Mungu ataipokea au ataiacha. Jumamosi nitasimama mimi. Nitawaambia kuhusu Machi. Nitawaambia ulikuwa na akili kali na mdomo mkali, na kwamba ulipenda kitu na ukakijua mpaka mwisho. Anayetaka kukuhurumia, akahurumie kwake.

Mdogo wako,
Odile