Video ya Baba Inaganda Akiinua Jembe

Kagongwa, Jumamosi. Jua kali, vumbi la malori limeingia hadi kwenye kope, na mimi nimevimba kwa hasira.

Mama anataka kitu kimoja tu: kumwona baba akicheza. Duara, shimo la dhahabu alilokuwa anachimba na wenzake, lilimfukia kule Rwamgasa, na jeneza halikufunguliwa. Mama hakumuaga. Kilichobaki ni video ya harusi ya dada yangu, pale baba anapoingia uwanjani na jembe lake la kuchezea bugobogobo, ngoma yetu ya majembe.

Kompyuta yangu ni ya mtumba, imeshazeeka. Mpiga picha naye, kwa sifa zake, katupa video ya HD, nzito kama gunia la mchele. Kila tukiifungua sauti inakimbia, picha inaganda. Na inaganda pale pale baba anapoinua jembe. Mama anabaki kutazama mguu mmoja ulio hewani.

Nimehangaika! Nimefunga programu zote, nimeitoa video kwenye flashi nikaiweka ndani, nimetafuta programu nyepesi ya kuchezea. Afadhali kidogo, lakini bado. Fundi wa Kahama akacheka, "Hii wapelekee wa vyuma chakavu, kaka." Nilitamani kumrushia hiyo mashine.

Dawa iliyobaki ilikuwa kuipunguzia ubora video yenyewe, iwe nyepesi. Kwa mashine hii ni kazi ya kutwa. Juzi nikaiacha ikihangaika, nikaenda dukani, narudi, imezima. Jana vile vile. Nikalaani umeme, nikamfokea mke wangu ambaye hata hakuigusa.

Leo nimeiacha tena ikifanya kazi, ila nimerudi mapema.

Nimeikuta juu ya mto wa kulalia, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kile cha kufunikia redio, na kanga juu yake. Ukiigusa inaunguza. Kumbe umeme hauna kosa, mashine inakosa hewa!

"Mayu! Nani kakwambia uifunike ikiwa inafanya kazi? Unaiua!" Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Mama hakupandisha sauti. "Baba yako yumo humo. Amekufa na udongo usoni. Nimwache tena apigwe vumbi?"

Nikaifunua mashine taratibu.

Nikaiinua juu ya matofali, nikapitisha brashi kwenye feni, nikaianzisha upya kazi ile. Nikakaa nayo mpaka ikaisha. Baba akaingia, akainua jembe, akalishusha, akazunguka. Hakuganda hata mara moja. Mama akapiga vigelegele peke yake, kisha akalia kilio ambacho hakukilia msibani.

Hasira ninazo bado. Ninazo kwa fundi, kwa lile duara, kwa waliosema nguzo zake ni imara.

Nilipoizima kompyuta, mama akaja na kitambaa chake. Nikashika upande mmoja, yeye akashika wa pili, tukaifunika.