Mkasi Tulioupeleka Ziwani

Peguche, Otavalo,
Ekuado.
Jumatano, 15 Mei 2019.

Mpendwa kaka Auki,

Pokea salamu zetu za huku mlimani. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na wifi Marisol na kipenzi changu Samia. Je, kile kikohozi chake kimekwisha? Mwambie ile picha yake ya kucheza kwenye theluji tumeibandika jikoni, na imeshaanza kushika masizi kama sisi wengine.

Sisi huku tu wazima kiasi. Mahindi yamesimama vizuri mwaka huu. Mbwa wako Puka amekuwa kipofu kabisa, anawabwekea wenye nyumba na kuwaacha wageni wapite. Mama mzima, ila magoti. Habari za Baba ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Lakini ukipiga, simu inawekwa katikati ya meza kwa sauti ya juu na nyumba nzima inasikiliza. Nikitoka nayo nje, Baba atauliza naficha nini. Nyumba yetu unaijua, ukipiga chafya jikoni unaombewa afya chumbani. Kwa hiyo nampa binamu yetu Luzmila barua hii mkononi. Anasafiri kuja huko Jumamosi na mizigo yake ya mavazi ya poncho, na ameapa hataifungua. Akiifungua shauri yake.

Mwezi wa tatu nilikuambia Baba aliteleza kwenye ngazi ya dari akiteremsha sufu, nikasema amepona. Hakupona. Kichwa kilianza kumuuma, kisha mkono wa kushoto ukawa unaangusha vitu. Tulimpeleka hospitali ya Ibarra wakampiga picha ya kichwa. Daktari, binti mmoja mpole, alituonyesha kivuli upande wa kulia. Ni damu iliyotuama ndani ya fuvu na inaukandamiza ubongo. Alisema ikitolewa mapema Baba atafuma tena, na ikiachwa utakufa mkono, kisha ulimi, kisha yeye mwenyewe. Akatupa kitanda cha Jumatatu tarehe kumi na tatu.

Yote hayo Baba aliyasikiliza kwa adabu, mpaka daktari alipogusia kunyoa.

"Kunyoa nini?"

"Nywele, mzee. Upande huu wote."

"Na huu mwingine?"

"Huo tunaweza kukuachia."

Baba akacheka. "Binti yangu, nitembee na nusu ya msuko kama punda aliyeng'atwa mkia?" Akamshukuru, akainuka, akatoka nje kutungoja.

Unajua sababu, ila nairudia kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeusahau ukubwa wake. Baba alikuwa na miaka sita siku msimamizi wa shamba la bwana alipomkata Babu msuko, heshima ya mwanamume wa kwetu, kwa mkasi wa kunyolea kondoo, mbele ya watu wote, eti kwa kuchelewa kazini. Msuko ukatundikwa langoni. Babu aliishi miaka kumi na miwili baada ya siku ile na hakukanyaga sokoni tena. Wakija wageni alikuwa anaingia chumba cha mahindi na kukaa humo hadi waondoke. Baba ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula.

Basi tulimbembeleza wiki nzima. Mimi nilimlilia, nikamnunia, nikamwita kichwa kigumu mbele ya majirani, nikaona haya baadaye. Yeye kama ametia pamba masikioni. Ijumaa jioni, tukiwa tunamenya maharage, akasema mwenyewe: "Kesho nipelekeni sokoni. Halafu nataka kufika Cuicocha."

Mama alinitazama nami nikamtazama. Ungekuwepo ungefikiri vilevile. Mtu wetu haendi ziwani hivi hivi mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya jua. Anakwenda kuoga, aache kwenye maji kile anachotaka kukiacha. Tuliona mzee amekubali, ila hataki wembe wa mgeni, anataka nywele zake zikatwe na mkono wa nyumbani na zichukuliwe na maji. Furaha niliyokuwa nayo usiku ule naionea aibu sasa. Mama alinoa mkasi, akaufunga ndani ya kitambaa cha chakula, katikati ya mahindi ya kuchemsha na viazi.

Sokoni tulifika mapema. Baba hakukaa kwenye meza yetu hata kidogo, aliniachia mimi mablanketi akazunguka kusalimia watu, meza kwa meza. Kwa mzee Rafael Lema, yule muuza mikanda, akafungua mfuko akatoa zile brashi mbili zenye meno ya chuma za kuchambulia sufu. Alikuwa ameziazima tangu wewe hujaondoka.

"We Antonio! Mimi nilishazizika hizi! Umeokoka?"

"Nimechoka kuziona, zinanikumbusha sura yako."

"Nasikia wanataka kukunyoa uwe padri."

"Afadhali padri. Wewe huo msuko wako mtu akiuona kwa mbali anadhani ni mkia wa panya, anatafuta paka."

Watu wa meza za jirani walicheka hadi Wazungu wakaacha kuulizia bei wakaanza kupiga picha. Mzee Rafael akacheka kuliko wote, kisha akazishika zile brashi kifuani, na nikaona ameacha kucheka. Alikuwa ameelewa kwamba anaagwa. Mimi niliyemzaa Baba upya kila siku kwa kumvisha viatu, sikuelewa. Nilidhani ni siku nzuri tu.

Saa sita tukafunga mizigo tukakodi gari la kutupandisha. Baba alikaa mbele na dereva, akamsimulia habari za ng'ombe njia nzima. Juu kule upepo ulikuwa mkali na maji yalikuwa ya buluu nzito, vile visiwa viwili vikiwa na mawingu shingoni. Mlinzi wa getini aliuliza kama tunataka kupanda boti. Mama akamjibu tumekuja kuoga, naye mlinzi akatuelekeza pale panaporuhusiwa kwa tambiko na kutuacha.

Tulikula kwanza. Baba alikula vizuri, kwa mkono wa kulia. Kisha akakaa juu ya jiwe, akatupa mgongo. Mama akamfungua msuko. Unajua ulivyo mrefu, sasa umekuwa mweupe nusu yake. Akateka maji kwa kibuyu, akamwagia, na Baba akatoa ukelele wa baridi kama mtoto. Akamwosha, akamchana taratibu, muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika taulo, roho juu, nikihesabu atamaliza lini. Hatimaye akaingiza mkono kwenye kitambaa.

Baba hakugeuka. "Mama Auki, umekuja na mkasi."

"Nimekuja nao."

"Nilisikia unaunoa. Basi kata. Sitakushika mkono. Ukikata, Jumatatu nakwenda huko Ibarra."

Kaka, nilitaka kuruka. Lakini hakuwa amemaliza.

"Ila baadaye msiniulize kwa nini nakaa ndani."

Mama alizikusanya nywele mkono mmoja, akafungua mkasi kwa mkono wa pili. Alisimama hivyo. Mimi nikapiga kelele, ndiyo, mimi, mahali patakatifu kama pale: "Mama, kata! Kata sasa hivi!"

Akanigeukia. Sijawahi kumwona Mama na uso ule. "Kata wewe."

Akanitia mkasi mkononi. Nikausogeza hadi shingoni kwa Baba, nikaona zile nywele fupi za kisogoni ambazo hazifiki kwenye msuko, zimelowa, na shingo yenyewe imekonda. Nikamwona Babu kwenye chumba cha mahindi, ingawa sijawahi kumwona Babu. Vidole vyangu havikufunga. Nimechinja kuku na kondoo kwa mikono hii, nimekata kitovu cha mtoto wa jirani, lakini vidole havikufunga. Nikaanza kulia.

Hapo nikafanya jambo ambalo naomba unisamehe. Silaha ya mwisho niliyobaki nayo ilikuwa wewe. Nikasema: "Baba, mbona Auki amekata? Mwaka wa nane huu hana msuko, na bado ni mwanao!"

Miaka yote hii siri ile ilikuwa yetu wawili. Nilitegemea atashtuka, akasirike, apige kelele, afanye lolote.

"Najua," akasema. "Ananiona mjinga? Tangu afike huko hajawahi kugeuka. Kwenye simu ya video anakaa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mtoto akimwita kwa nyuma anageuza macho, shingo haigeuki. Nilijua mwaka wa kwanza."

Mama naye akasema kwa sauti ndogo kuwa alijua.

"Basi kama yeye aliweza..."

"Yeye alikata mwenyewe, apate kazi, awalishe watu wake. Hilo si kosa na sijawahi kuliita kosa." Akajifuta maji usoni. "Mimi nimejaribu, binti yangu. Kila asubuhi mkiwa mmelala nashika mkasi wa sufu. Mkono wa kushoto umekufa, sawa. Lakini huu wa kulia ni mzima, nao hauinuki. Usifikiri nataka kufa. Nataka kuwaona mkivuna. Siwezi tu."

Auki, wiki nzima nilikuwa nagombana na kiburi chake, kumbe hapakuwa na kiburi. Palikuwa na mtoto wa miaka sita ambaye bado amesimama pale langoni. Huyo sijui anabembelezwa vipi. Wala daktari hajui, maana nilimpigia nikamweleza yote, naye akaniuliza kama mimi mwenyewe nimelala.

Mama aliuchukua mkasi mkononi mwangu akaufunga tena kwenye kitambaa. Akamsuka. Alimsuka vizuri kuliko siku zote, umekazwa, umenyooka. Tukashuka kila mtu akitazama dirisha lake, na dereva akadhani tumegombana.

Jumatatu ilipita. Nilivaa nguo za safari tangu alfajiri na kukaa nazo hadi saa nne, labda atabadili mawazo. Kitanda kikapewa mtu mwingine, na ni haki. Daktari amesema wakati wowote tukimpeleka atampokea, ila tusikawie. Jana Baba alikaa kwenye kitanda chake cha kufumia, Mama amekaa kushoto kwake, anampokea uzi na kumrudishia. Wanafuma mstari mmoja kwa muda ambao zamani alifuma blanketi. Leo asubuhi ameniita kwa jina la shangazi aliyekufa, akajisahihisha, akacheka. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba.

Mimi nimefika mwisho wa akili yangu. Nimemwona mganga wetu wa Ilumán, amemsugua kwa mayai na majani, akasema huyu hana hasira ya mlima, ana damu kichwani, mpelekeni hospitali. Hata yeye! Najua huwezi kuja, ukitoka huko bila karatasi hutarudi kwa mkeo na mwanao, na Baba ametukataza kukuomba. Sikuombi. Nakuandikia ujue, usije ukaniuliza siku moja kwa nini sikufunga vidole vile. Kila usiku najiuliza mwenyewe, na kila usiku havifungi.

Lakini kuna neno moja alilosema tukiwa kwenye gari la kurudi, karibu na Quiroga, bila kunitazama. Alisema: "Huyo kaka yako nina miaka minane namwona mbele tu. Ningependa kumwona wote."

Basi ukiipata barua hii piga simu Jumapili, tukishatoka kanisani. Nitaiweka simu mbele yake vizuri. Usimwombe akubali kunyolewa, tumeshamwomba sote. Zungumza naye habari za mahindi, mwache Samia amwimbie. Kisha kabla hujaaga, inuka kwenye kiti, kaka, geuka umpe mgongo, na ukae hivyo kidogo.

Wasalimie wifi Marisol na mama yake, Samia nambusu mashavu yote mawili, na wale wanamuziki wa Agato unaokaa nao jengo moja uwaambie nyumbani wanatajwa. Mama anasema anakuombea kwa jina kila asubuhi. Jua likuangazie uendako na uliko.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Yarina